Miguu Sita ya Padri

Rael alikuwa amesuka nywele Kenyatta Market kwa miaka kumi na sita, na yeyote aliyekaa kwenye kiti chake alishikwa kichwa kwanza, salamu zikafuata. Vidole vyake vilitafuta umbo la fuvu, upande zinakolalia nywele, mahali pa kuanzia mstari wa kwanza. Wateja walikuwa wamezoea. Mmoja wao, Waceke, mwanamke mtaratibu aliyefanya kazi katika ofisi ya bima mjini, alipenda rasta nyembamba zinazochukua siku nzima, na katika saa hizo nyingi alimsimulia Rael habari za vipepeo.

Waceke alikuwa katika kikundi cha watu kama ishirini waliotoka kila Jumapili mchana, baada ya kanisa, kutafuta vipepeo na kuwapiga picha. Walitoka msimu wa mvua ndefu tu, kuanzia mwisho wa Machi hadi Juni, wakati maua ya porini yamefunguka na vipepeo wamejaa. Walikuwa na kipande chao cha msitu kando ya kijito, ukishapita Riruta kuelekea Dagoretti. Tena walikuwa na orodha. Kila aina ya kipepeo aliyeonekana mle msituni aliandikwa.

Mwanzoni mwa mwaka 2007 Waceke alipata kazi Kanada. Siku aliyosukwa kwa mara ya mwisho alimwachia Rael kamera yake ndogo ya dijitali.

"Chukua. Na nafasi yangu kwenye kikundi pia chukua," alimwambia. "Wewe unaona vitu, Rael. Watu wengi huangalia tu."

Rael alicheka. Aliacha shule kidato cha pili, mama yake alipougua, na tangu hapo hakuna mtu aliyewahi kumsifu kwa jambo lolote isipokuwa nywele. Lakini kamera aliipeleka nyumbani Riruta, akamwonyesha mumewe Dalmas, fundi wa mbao. Dalmas aliigeuza mkononi na kumuuliza kama ina redio ndani.

Jumapili ya kwanza ya Aprili, Rael alivaa gambuti na kujiunga na kikundi.

Kiongozi wao alikuwa Mwalimu Muchiri. Alikuwa amefundisha bayolojia katika shule za sekondari hadi alipostaafu, mzee mrefu mwenye kofia ya kitambaa na daftari gumu lililofungwa kwa mpira. Orodha ilikuwa yake. Aliianza mwaka wa tisini na sita, na majina aliyatunga mwenyewe ili kila mtu aweze kuyashika, wakiwemo wale wasiojua majina marefu ya vitabuni. Kulikuwa na Mbayuwayu, kipepeo mkubwa wa rangi ya maziwa yaliyochachuka, mwenye mikia miwili nyuma kama ya ndege huyo. Kulikuwa na Padri, mweusi mwenye mabaka meupe mapana, asiye na mkia.

"Padri hana haraka," Mwalimu aliwaeleza wageni siku hiyo, akiwaonyesha picha ya Padri aliyoikata kitabuni. "Nyama yake ni chungu, ndege wanajua, hawamgusi. Kwa hivyo akikaa kwenye ua anatulia kama mtu aliye kwake. Na mkimpata karibu, hesabuni miguu. Padri na jamaa zake wote husimama kwa miguu minne. Ile miwili ya mbele imekuwa midogo kama uzi, ameikunja kifuani."

Rael aliyaweka maneno hayo kichwani. Hakuwa na daftari.

Jumapili ya mwisho ya Aprili walimwona Padri. Alikuwa kwenye kichaka cha maua mekundu na manjano kando ya njia, na watu kumi na wanne wakasimama kimya. Wengine walipiga picha kwa mbali. Rael alimkazia macho muda mrefu. Kipepeo alikuwa akinyonya ua, lakini mabawa hayakutulia hata kidogo. Yalitetemeka, yalipigapiga, kama mtu anayekunywa chai akiwa amesimama mlangoni. Aliruka ua hili, akagusa lile, akaondoka kwa kasi juu ya miti.

"Mwalimu," Rael alisema, "huyu si Padri."

"Unasema?"

"Ulisema Padri anatulia. Huyu ana wasiwasi. Na kichwa yake si ile ya kwenye picha yako. Ile ina madoa meupe mengi, hii ni kama nyeusi tupu."

Mwalimu Muchiri alitabasamu, akawatazama wengine, kisha akamwita Rael kwa jina la mtoto wake. "Mama Jackie, hapa si saluni. Kipepeo hatumjui kwa kichwa chake kama mteja."

Watu walicheka. Hakikuwa kicheko kibaya, lakini kilimwingia Rael. Alivuta kitambaa chake kikafunika masikio. Mwalimu naye pengine aliliona hilo, maana alishusha sauti.

"Padri nimemwandika hapa miaka kumi na moja," alisema. "Lakini mimi si mtu wa kukataa ushahidi. Niletee picha. Niione miguu. Kijitabu chetu kinakwenda kwa mpiga chapa mwisho wa Mei. Kabla ya hapo, tutaongea."

Kijitabu hicho kilikuwa orodha nzima, kazi ya miaka yote hiyo, na kingezinduliwa mwezi wa Juni katika ukumbi mmoja mjini. Kila mtu kwenye kikundi alikuwa akikisubiri. Rael alirudi nyumbani akitembea, matope yakimvuta gambuti, na alipofika mlangoni alikuwa ameshaamua.

Jumatatu saluni yao haikuwa ikifunguliwa, kwa hivyo Jumatatu ikawa siku yake. Jumatatu ya kwanza mvua ilimnyeshea hadi akarudi. Ya pili aliona wale aliowaita moyoni "wenye wasiwasi" watatu, akapiga picha arobaini. Jumanne alizipeleka kwenye saiba karibu na soko, akazifungua kwenye kompyuta huku mwenzake wa kiti cha pili, Syokau, akichungulia begani.

"Hii ni nini?" Syokau aliuliza.

"Jani."

"Na hii?"

"Mgongo yake akienda."

"Na hii?"

Rael alikaza macho. "Hiyo ni kidole yangu."

Syokau alicheka hadi akashika meza. "Rael, wewe na hizo dudu! Kichwa ya mtu inakaa kwa kiti, unaishika, inatulia. Hii yako haina hata kiti."

Lilikuwa neno la mzaha tu, lakini Rael alilifikiria siku nzima akiwa anasuka. Mchana aliletewa mtoto wa miaka minne, mkaidi, anayerusha kichwa kila anapoguswa. Rael hakumlazimisha. Alijua watoto wa namna hiyo husukwa asubuhi, wakiwa bado na usingizi, kabla damu haijachemka. Alimwambia mama yake amrudishe kesho saa moja. Mama alipotoka, Rael alibaki na kitana mkononi.

"Asubuhi," alijisemea.

"Asubuhi nini?" Syokau aliuliza.

"Wote tunaenda msituni mchana. Jua limewaka, wako na nguvu. Mimi nitaenda asubuhi wakiwa na baridi."

Jumatatu ya tatu alifika saa moja na nusu. Nyasi zilikuwa zimelowa, na msitu ulikuwa kimya hadi alisikia maji yakidondoka kutoka jani hadi jani. Alitafuta chini ya majani mapana na kando ya vichaka, mahali ambapo jua lingefika kwanza. Ilimchukua saa nzima kumpata mmoja, ananing'inia kwenye kijiti, mabawa yamefungwa, umande juu yake. Rael alipiga magoti kwenye matope. Alibonyeza kitufe chenye alama ya ua, kile cha vitu vya karibu, akasogea hadi pumzi yake ikawa inamfikia. Kipepeo hakuondoka. Hakuweza.

Na hapo, kwenye kioo kidogo cha kamera, aliihesabu miguu. Mmoja, miwili, mitatu upande huu. Mitatu. Alipiga picha moja, kamera ikatoa mlio, kioo kikawa cheusi. Betri zilikuwa zimekwisha.

Aliketi pale pale kwenye matope, akacheka peke yake kwa uchungu. Jua lilifika, kipepeo akafungua mabawa, akayatetemesha mara mbili tatu, akaondoka.

Ile picha moja ilitoka. Lakini Jumapili, Mwalimu alipoivuta karibu na macho, alitikisa kichwa. Bawa lilikuwa limefunika nusu ya kifua, na ule uliokuwa mguu wa tatu ungeweza kuwa kijiti.

"Inaonyesha kitu," alikiri. "Lakini siwezi kufuta jina kwa sababu ya kijiti, Mama Jackie. Na sasa nisikilize. Hata kama si Padri, atakuwa nani? Orodha haikubali mtu asiye na jina."

Hilo Rael hakuwa amelifikiria. Zilibaki Jumatatu mbili.

Dalmas alikuwa amenyamazia jambo hili tangu Aprili. Usiku wa Jumapili hiyo alimwona mkewe akisugua gambuti kwa nguvu kuliko zilivyohitaji, akauliza, "Kesho unaenda tena?"

"Naenda."

"Nitakuja. Mvua ikinyesha utashika kamera ama mwavuli?"

Walitoka alfajiri, Dalmas akiwa na mwavuli mkubwa mweusi na kiredio chake cha mfukoni, kwa sababu alisema hawezi kukaa msituni akisikiliza majani. Walitafuta hadi saa tatu. Waliona Mbayuwayu wawili wakikimbizana juu ya kijito, waliona vipepeo wadogo wa bluu, hawakuona mwenye wasiwasi hata mmoja. Manyunyu yalianza. Dalmas alifungua mwavuli, akasema labda warudi kunywa chai.

"Subiri," Rael alisema.

Kwenye kichaka kilichoinamia maji, usawa wa kifua chake, kulikuwa na kitu ambacho kwanza alidhani ni ua lililokauka. Alisogea. Walikuwa vipepeo wawili, mmoja kaning'inia chini ya mwenzake, wameungana nyuma kwa nyuma. Wa chini alikuwa Mbayuwayu, na mikia yake miwili imelegea. Wa juu, aliyeshikilia jani, alikuwa mweusi mwenye mabaka meupe.

Rael alimvuta mumewe mkono.

"Dalmas. Hao ni nini?"

Dalmas aliinama, akatazama, akakohoa kidogo. "Hao ni mtu na bibi yake," alisema. "Tuwaache."

"Lakini ni aina mbili! Mwalimu ameandika hii ni aina moja na hii ni nyingine. Haiwezekani waoane."

"Mbona wameoana?"

Rael aligeuka akamtazama mumewe kana kwamba amemwona leo. Kisha akamwelewa, na yote yakamjia mara moja: ile papara ya mabawa, kichwa kisicho na madoa, miguu sita. Hawa hawakuwa aina mbili. Mweusi, mwenye tumbo nene la mayai, alikuwa jike. Miaka kumi na moja Mwalimu alikuwa akimwandika mume mstari mmoja na mke mstari mwingine, chini ya jina la kipepeo mwingine.

"Shika mwavuli," alisema. "Usitingike."

Alipiga ya kwanza kwa mbali, wasije wakashtuka. Alisogea, akapiga ya pili. Aliingia kijitoni, maji yakajaa kwenye gambuti, akapiga kutoka chini, pale ambapo miguu yote ilikuwa wazi imeshika ukingo wa jani. Akasogea tena, na kamera ikatoa ule mlio.

"Hapana," alisema. "Hapana, hapana. Nilinunua mpya!"

Pengine zilikuwa mbovu tangu dukani. Dalmas aliubana mwavuli kwa kidevu na bega, akatoa kiredio mfukoni, akang'oa kifuniko kwa ukucha, na mhubiri wa asubuhi akakatika katikati ya neno. Alimpa mkewe betri mbili zenye joto la mfuko.

"Zinaingia?"

Ziliingia. Kioo kikawaka. Rael alipiga picha kumi na tisa huku mvua ikipiga ngoma juu ya mwavuli, na wale wawili hawakujali chochote. Mume na mke hao wa Riruta waliondoka wakiwa wamelowa hadi kiunoni, wakicheka kwa sauti njia nzima, na mama mmoja aliyekuwa akitembeza ng'ombe alisimama kuwaangalia.

Kikao cha mwisho kabla ya kijitabu kwenda kuchapishwa kilifanyika Alhamisi saa kumi na moja jioni, katika ule ukumbi wa mjini, ghorofa ya pili, madirisha yakitazama upande wa Ngara. Wanachama wote walikuja. Kulikuwa na projekta ya kuazima na shuka jeupe ukutani. Rael alitoka sokoni moja kwa moja, mikono bado ikinukia mafuta ya nywele, Syokau nyuma yake. Syokau alikuwa amesema hawezi kukosa siku ya kwanza dudu kuonyeshwa kwa ukuta. Dalmas alikaa kiti cha mwisho akiwa na koti lake la kanisani.

Mwalimu Muchiri alisoma orodha, aina moja baada ya nyingine, na kila aina picha yake ikaonekana ukutani. Alipofika kwa Padri aliinua kichwa. "Hapa tuna mwenzetu mwenye neno. Mama Jackie, umeleta?"

"Nimeleta, Mwalimu."

Picha ilijaa shuka lote. Jani la kijani, matone ya mvua kama shanga, mweusi juu, Mbayuwayu chini, wameungana. Miguu ilionekana wazi kiasi kwamba mtu angeweza kuona nywele zake.

Mwalimu aliinuka, akaenda hadi ukutani, kivuli chake kikaangukia nusu ya picha, akasogea pembeni. Aliinua kidole, akahesabu bila sauti. Akahesabu tena. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa.

"Sita," alisema.

Kisha akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, si chake.

"Kuna kipepeo ambaye jike wake hafanani kabisa na dume," alisema polepole, akiwa bado anaangalia ukuta. "Jike huvaa rangi za Padri ili ndege wadhani naye ni mchungu. Nimesoma habari zake. Nimewafundisha watoto wa watu, nikachora ubaoni. Na kila Jumapili kwa miaka kumi na moja amekuwa akipita mbele ya pua yangu, nikimvulia kofia na kumwita Padri."

Mtu mmoja nyuma alianza kucheka, akajizuia. Lakini Mwalimu mwenyewe alikuwa anacheka, mabega yakitikisika, na hapo ukumbi mzima ukalipuka. Syokau ndiye aliyeanza makofi. Alipiga kama mtu aliye harusini, na akatia vigelegele vya kwao hadi mlinzi akachungulia mlangoni.

"Njoo hapa mbele," Mwalimu alimwambia Rael. "Waeleze. Ulimjuaje?"

Rael hakuwa amewahi kusimama mbele ya watu wengi hivyo. Aliangalia shuka, akaona picha yake kubwa kuliko mlango, na woga ukamtoka.

"Nilianza na kichwa," alisema. "Mwalimu alisema hapa si saluni. Lakini mimi kichwa ndiyo kazi yangu. Watu wawili wanaweza kuvaa nguo sawa, kitambaa sawa, viatu sawa. Ukishika kichwa unajua ni nani." Alinyoosha kidole ukutani. "Huyu mama amevaa nguo ya mwingine. Ameivaa vizuri sana. Lakini hajatulia ndani yake, kwa sababu anajua si yake. Kwa hivyo nikajua."

Mwalimu Muchiri alifungua daftari lake gumu. Mbele ya wote alipiga mstari juu ya neno Padri, mstari mnyoofu. Karibu na neno Mbayuwayu aliandika: dume na jike. Kisha aliandika jina la Rael na jina la mumewe, la pili kwa sababu Rael alisimama pale pale juu yake hadi likaandikwa, akisema picha kumi na tisa kati ya ishirini na mbili zilikuwa za betri za Dalmas.

Picha ile ndiyo ilikuwa kwenye jalada la kijitabu mwezi wa Juni. Nakala moja ilibandikwa kwenye kioo cha saluni pale Kenyatta Market, na wateja walipouliza, Syokau ndiye aliyeieleza, kila siku akiongeza mvua na kina cha kijito. Nyingine ilitumwa Kanada. Waceke alijibu kwa barua pepe ya neno moja, limeandikwa mara tatu: Nilijua.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Jioni ile ya Alhamisi, watu walipokuwa wakishuka ngazi wakizungumza kwa sauti, Mwalimu Muchiri alimwita Rael kando. Alikuwa ameshika daftari wazi.

"Sema ukweli," alisema. "Kuna mwingine kwenye orodha hii ambaye humwamini?"

Rael alimwangalia Dalmas, aliyekuwa akimsubiri mlangoni na koti mkononi. Akamwonyesha kwa kiganja asubiri kidogo.

"Namba kumi na saba," alisema.

Mzee alivuta viti viwili.